Kombamwiko asiyeujua mwiko: mende wa porini wa Gede (uzi mrefu, leteni chai)

MlinziWaZamu (Gede)

Waungwana, hamjambo. Mimi ni mlinzi wa usiku katika nyumba ya kupangisha huku Gede. Ukishika njia ya miguu kutoka langoni kwetu, robo saa haiishi uko ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Vifaa vyangu vya kazi ni rungu, tochi, na taa moja ya barazani inayowaka mpaka alfajiri. Taa hiyo huniletea wageni, na baadhi yao ni mende ambao si wale wa kabatini. Kila ninayemwonyesha picha hunijibu jibu moja: "Mende ni mende, mpige kandambili."

Leo nimeamua kuandika, na nitaanza na jina. Wazee wetu walimwita kombamwiko, yaani anayekomba mwiko. Ni jina tamu, limemtaja mdudu kwa kosa lake. Lakini spishi za mende zinazojulikana duniani ni zaidi ya 4,500, na wanaoishi na watu ni kama 30 tu. Wanaosumbua hasa utawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Waliobaki wote hawajawahi kuuona mwiko. Wako chini ya majani makavu, ndani ya magogo, mapangoni na popo, wengine hadi ndani ya viota vya sisimizi. Jina la wachache wenye njaa limewafunika maelfu.

Jambo la pili. Mnamjua vunjajungu, yule mdudu wa kijani anayesimama kama anaomba dua? Tukiwa watoto tuliambiwa ukimshika, ukirudi nyumbani utavunja chungu. Sasa angalieni: kombamwiko na vunjajungu, majina yote mawili yametoka jikoni, na wadudu hawa wawili ni ndugu wa kweli. Wataalamu wamewaweka kundi moja, Dictyoptera. Wote wawili mayai yao hawayatagi moja moja bali huyafunga ndani ya kifuko. Cha vunjajungu ni kama povu lililokauka kwenye kijiti, cha mende ni kama kijisanduku cha tende. Aliyetoa majina hakujua habari za kifuko, ila kawaweka chumba kimoja.

Na ndugu wa tatu yuko ukutani mwenu anakula boriti. Mchwa. Mwaka 2007 Inward, Beccaloni na Eggleton walichapisha utafiti wa vinasaba ulioonyesha kwamba mchwa si oda ya peke yake, ni mende walioamua kuishi kijamaa. Jamaa yao wa karibu kabisa ni mende aitwaye Cryptocercus, anayepatikana Marekani na Asia. Huishi ndani ya gogo, baba, mama na watoto, wanakula mbao, na matumboni wana vijidudu vya kumeng'enya mbao kama mchwa. Kwa hiyo nyinyi wa bara mnaokaanga kumbikumbi mvua zikianza, mjue mnakaanga nini.

Nitaendelea baada ya kuzunguka ua.

Kijana_wa_Majengo (Malindi)

Kaka umenikosesha kumbikumbi na chai kwa mpigo mmoja 😂

BintiLangoni (Lamu)

Mlinzi, ahsante. Mimi niko Lamu, Langoni, nyumba ya mawe ya babu. Mende wa boriti tunao tangu kuzaliwa, sina hamu nao. Nina swali jingine. Kuna mdudu mweusi kama nyigu, mdogo, huzunguka kidakani asubuhi. Tumbo lake dogo limepachikwa juu mgongoni kwa kijiti chembamba, akitembea lapanda na kushuka kama bendera ya mashua. Mama asema ni nyigu wa sumu, tumpulizie dawa. Nishaua wanne. Nimekosa?

MlinziWaZamu

Dada, usiwaue tena. Huyo ni Evania, nyigu-bendera, na hana habari na binadamu. Anachotafuta kidakani ni kifuko cha mayai ya mende. Akikipata hutoboa, huingiza yai lake moja, na buu atakayetoka atayala mayai yote ya mende mle ndani. Ukimwona mmoja ujue kuna kifuko kimoja kimekwisha kazi. Dawa unayompulizia inawaua askari wako.

Ustadh_wa_Visiwani

Assalaam aleykum. Naona wengine wataanza na "mende ni najisi, funga uzi". Niseme nililosoma madrasa. Katika fiqhi ya Kishafii kuna mlango wa viumbe wasio na damu inayotiririka: nzi, mende, sisimizi. Akiangukia mwenyewe ndani ya maji akafa, maji hayanajisiki maadamu hayajabadilika. Mlinzi, nataka kujua upande wenu: ni kweli hana damu?

MlinziWaZamu

Wa aleykum salaam, ustadh. Anayo, ila kweli haitiririki kama yetu. Hana mishipa iliyosambaa mwilini. Ana mrija mmoja mgongoni unaopiga kama moyo na kuisukuma mbele, kisha damu inamwagika tu na kuogelea kati ya viungo. Si nyekundu, kwa sababu haibebi hewa. Hewa inaingia kwa vitundu ubavuni, jozi 10, mbili kifuani na nane tumboni, halafu vijirija vinaifikisha moja kwa moja kwenye nyama. Ndiyo maana mende aliyekatwa kichwa huendelea kuishi siku kadhaa: hapumui kwa pua, wala hafi kwa kuvuja damu. Kinachommaliza ni kiu na njaa.

Waliotunga ule mlango waliangalia vizuri.

Sasa turudi kwenye taa yangu. Wageni ni watatu.

Wa kwanza ni mweusi, ana mbawa ndefu, miguu mirefu ya rangi ya kutu. Anafika kwa kuruka, anagonga ukuta, anatulia. Urefu kama sentimita mbili na nusu.

Wa pili hafiki kwenye taa kabisa. Nilimkuta chini ya majani ya mkorosho nyuma ya jiko. Mweusi wa kung'aa, mpana kama mbegu ya ukwaju, hana mbawa hata kidogo.

Wa tatu ni mzuri hadi nikamwonea haya. Rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa, mabaka ya kahawia, anaruka taratibu kama nondo. Huyu naamini ni wa jenasi Gyna. Wadogo zao wanajizika kwenye udongo mkavu, ukichota unga wa mti uliooza ndani ya pango la shina unaona unga wenyewe unatembea.

Yule wa kwanza nimemlinganisha, nadhani ni Deropeltis, jenasi ya Afrika Mashariki na Kusini. Wa pili sijampata. Wakati huu nasema ni spishi nyingine.

MwalimuBayo (Malindi, nafundisha bayolojia)

Mzee Mlinzi, kazi nzuri, ila hapo kwa wa pili nakupinga kidogo. Una uhakika ni mzima? Mende mdogo, tunutu, naye hana mbawa. Na hata akiwa mzima, una uhakika si mke wa huyo wa kwanza? Taa huleta wenye mbawa. Kwa mende wengi wa porini mwenye mbawa ni dume peke yake. Mwangalie mwisho wa tumbo kwa chini, halafu uje utuambie. Usitazame rangi, rangi ni mwongo.

Kijana_wa_Majengo

Mwalimu anamtuma mtu akaangalie makalio ya mende saa saba za usiku. Elimu haina mwisho.

MlinziWaZamu

Mwalimu, nimekaa siku sita kabla ya kujibu, na nina habari.

Nilimtia kwenye kopo la plastiki, nikamweka kwenye friji ya soda dakika chache ili atulie (mwenye nyumba akisoma hapa, samahani, nilifuta rafu). Nikabana ile lenzi ndogo kwenye kamera ya simu. Niwaeleze nilichoona, kuanzia kichwani, maana wengi hatujawahi kumtazama mende ila akiwa mbioni.

Kichwa hukioni kwa juu. Juu yake kuna ngao, sahani moja ya mviringo, na kichwa kiko chini yake kimeinama kama mtu aliyesujudu, mdomo umeelekea nyuma, tumboni. Kwa hiyo kile watu wanachokiita "kichwa cha mende" ni mgongo wa kifua. Vipapasio vinatoka chini ya ngao, vyembamba kama uzi, pingili baada ya pingili, na hata katika ile baridi vilikuwa vinacheza.

Dume mwenye mbawa: zile za juu ni ngumu kama ngozi, ya kushoto imelala juu ya ya kulia. Inua hizo, chini kuna mbawa za kurukia, laini, zimekunjwa kama pepeo la ukindu. Kwa yule asiye na mbawa hapo hakuna kitu, ni sahani tatu za kifua zimepangana.

Miguu: paja la juu kabisa ni pana na bapa, limelazwa chini ya mwili kama kasia ndani ya mtumbwi. Halafu miiba. Wataalamu husoma mpangilio wa miiba ya paja la mguu wa mbele kama sisi tunavyosoma namba ya gari. Unyayo una pingili tano na kucha mbili, na kwa baadhi yao katikati ya kucha kuna kijigodoro. Mwenye kijigodoro hupanda kioo. Asiye nacho ukimtia kwenye bakuli la kioo hatoki, unaweza kumwacha wazi ukaenda kuswali.

Mkiani kuna pembe mbili fupi, serki, zenye nywele zinazohisi upepo. Upepo ukizigusa, habari inakwenda kwa neva nene hadi miguuni, na mende ameshageuka kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijaisha. Sasa mnajua kwa nini kandambili hukosa. Upepo wa kandambili hufika kabla ya kandambili.

Tukifika hapo, mwalimu. Dume, katikati ya serki, chini, ana vijiti viwili vidogo zaidi, viko sawasawa kulia na kushoto. Yule asiye na mbawa hana. Nilidhani nimemaliza.

MwalimuBayo

Hujamaliza. Vijiti hivyo tunutu wa kike pia huwa navyo, huvipoteza kabla ya kukomaa. Kwa hiyo kutokuwa navyo ni dalili nzuri. Na ile sahani ya mwisho chini ya tumbo, ni nzima au imepasuliwa?

MlinziWaZamu

Imepasuliwa. Vipande viwili vinakutana katikati, vimetengeneza ukingo kama mkuku wa dau. Na kabla hujaniuliza tena, yeye mwenyewe alinijibu.

Usiku wa nne, kama saa tisa, nilimkuta anatembea polepole kwenye kopo, na nyuma ya mwili wake kumetokeza kitu cha kahawia chenye meno upande mmoja, kama zipu. Kifuko! Alikizungusha huku na huku karibu nusu saa. Kisha akachimba mchanga kwa kichwa, akakiacha shimoni, akaokota punje kwa mdomo, moja moja, akazipanga juu mpaka hapakuonekana kitu. Nilizima tochi kwa adabu, nikaiwasha tena kwa udadisi.

Basi si tunutu, na si spishi nyingine. Ni mke. Mwaka mzima nilikuwa najua waume tu kwa sababu taa yangu inawaita wenye mbawa, na wake zao wako hatua ishirini nyuma ya jiko, gizani.

MwalimuBayo

Hongera. Na kwa hilo umeshapata familia yake. Sahani iliyopasuka na kifuko kinachoangushwa ni Blattidae, ukoo mmoja na kombamwiko mkubwa wa Langoni.

Kwa faida ya wengine: mende ukitaka kuwapanga, tazama wanavyozaa. Blattidae hufunga mayai na kuyaacha, kuyabandika au kuyazika. Wengine, kama mende mdogo wa jikoni, hubeba kifuko mkiani hadi mayai yakaribie kuanguliwa. Huyo vitabu vingine humweka Blattellidae, vingine Ectobiidae, wamemhamisha kama mpangaji. Halafu kuna Blaberidae, ndiko aliko Gyna wa mzee. Hao hutoa kifuko nje, hukigeuza ubavu, kisha hukirudisha ndani, kwenye mfuko tumboni. Watoto hutoka wakiwa hai. Na yuko mmoja amezidi wote, Diploptera punctata: huwalisha watoto tumboni kwa maziwa. Ni maziwa kweli, yana protini, mafuta na sukari.

BintiLangoni

Subhanallah. Mende ananyonyesha?

MwalimuBayo

Hana titi, bibiye, ni ukuta wa ule mfuko unaotoa. Lakini ndiyo.

Kijana_wa_Majengo

Swali la kweli sasa, si mzaha. Hawa wa jikoni kwetu mwalimu aliwahi kusema kuna wa Marekani na wa Ujerumani. Walikuja na meli za watalii ama?

MlinziWaZamu

Hapo ndipo majina yanapodanganya kuliko kombamwiko. Mkubwa mwekundu ni Periplaneta americana. Linnaeus alimpa jina hilo mwaka 1758, lakini asili yake ni Afrika, alivuka bahari na majahazi ya watu. Mdogo, Blattella germanica, alipewa jina mwaka 1767, na utafiti wa vinasaba wa mwaka 2024 umeonyesha alitokana na mende wa porini wa Asia Kusini, Blattella asahinai, yapata miaka 2,100 iliyopita. Kwa hiyo Mmarekani ni wetu, na Mjerumani ni wa ng'ambo ya bahari yetu. Ukiuliza nani alikuja na meli, wa kwanza alipanda meli hapa kwetu.

Huyo mdogo, tusimpambe. Yeye na mwekundu vinyesi vyao na magamba yao huwasha watu pumu, hasa watoto. Jikoni fungeni vyakula, kausheni maji, zibeni nyufa. Chaki ya mende wekeni mbali na watoto, au msinunue kabisa. Uzi huu haumtetei yeye, unamtetea binamu yake.

Kijana_wa_Majengo

Nimekumbuka kitu. Juzi ukutani kwa kinyozi nimeona nyigu wa kijani anayemeta kama chuma kilichopakwa rangi, amemshika mende mwekundu kipapasio, anamvuta. Mende mkubwa mara mbili kumliko, na anafuata tu! Hakukimbia. Tulisimamisha kunyoa.

MlinziWaZamu

Umebahatika, kaka. Huyo ni Ampulex. Humchoma mara mbili. Ya kwanza kifuani, miguu ya mbele inalegea kidogo. Ya pili anaipeleka kichwani, ndani ya ubongo hasa, mahali pale pale panapoamua kuanza kutembea. Mende hapoozi, anaweza kusimama na kutembea, ila hana tena nia ya kuondoka. Nyigu humkata vipapasio nusu, hunywa kidogo kinachotoka, kisha humvuta kwa kilichobaki kama mtu anavyovuta punda wa Lamu kwa kamba. Anamtia shimoni, anabandika yai mguuni, anaziba mlango. Lililobaki usilisome ukiwa unakula.

Ustadh_wa_Visiwani

Nilikuwa nakula.

fundi_makuti

Mzee Mlinzi, wa ajabu zaidi duniani ni yupi? Tupe mmoja, nina kazi asubuhi.

MlinziWaZamu

Mmoja siwezi. Australia yuko Macropanesthia rhinoceros, gramu 30 na zaidi, hana mbawa, anachimba shimo la kina cha hadi mita moja na anaburuta majani makavu ya mkalitusi kwenda kuwalisha watoto. Madagaska yuko anayefoka kama nyoka kwa kusukuma hewa kupitia vitundu vya tumboni. Lakini mimi namhusudu yule wa Table Mountain, Afrika Kusini, Saltoblattella: miguu yake ya nyuma ni kama ya panzi na anaruka majanini. Alielezwa rasmi mwaka 2010 tu. Juzi tu, juu ya mlima wenye watalii kila siku!

Na huku kwetu? Magofu ya Gedi yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, watu wanakuja kutazama kuta. Chini ya majani, kando ya kuta hizo, sange mwenye matako ya dhahabu anafukua mchana kutwa akitafuta chakula, na mende ni sehemu ya chakula hicho. Anayewatazama mende wenyewe ni nani? Vipepeo wana mradi wao hapa Gede tangu 1993, wakulima wanauza mabundo nje, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya ganda. Bundo la mende hakuna, maana mende hapiti hatua hiyo, anaambua gamba tu mpaka akue. Akitoka tu kwenye gamba huwa mweupe kama karatasi kwa saa chache. Msije mkanitumia picha za "mende zeruzeru".

(Na tafadhali, msituni msichukue kitu. Ni hifadhi, kukusanya kunahitaji kibali. Mimi wangu wote ni wa uani.)

MwalimuBayo

Kile kifuko kimefikia wapi?

MlinziWaZamu

Mwezi na wiki umepita. Nilikuwa na viwili: kile alichozika mama kwenye kopo, na kingine nilichobandua kwenye gome la mkorosho.

MwalimuBayo

Cha gome si chake. Yeye huzika.

MlinziWaZamu

Najua sasa. Hicho nilikitia kwenye chupa ya jemu peke yake.

Jana usiku mchanga wa kopo ulitikisika. Zipu ilifunguka na wakatoka wote kwa pamoja, weupe, macho meusi, wamebanana kama watu wanaoshuka matatu. Nilihesabu mara tatu nikapata idadi tatu tofauti. Kufikia adhana ya alfajiri walikuwa wameshaiva rangi ya chai ya rangi, na mama yao amepita juu yao bila kuwasalimia.

Chupa ya jemu niliitazama mwisho. Kifuko hakikufunguka zipu. Kina tundu moja tu, la mviringo, mwishoni. Na juu ya kioo anapanda mdudu mweusi, tumbo linapanda na kushuka. Nimefungua kifuniko, akasimama ukingoni kidogo, akaelekea jikoni.

BintiLangoni

Wangu yuko kidakani tangu asubuhi. Mama ameulizia mkebe wa dawa mara mbili, nimemwambia umekwisha.